Jiwe la Ijumaa

Gerezani, Komi
27 Januari 2013

Mama, shikamoo. Dada Rezeda, hujambo.

Barua yenu ya mwaka mpya nimeipata, na soksi nimezipata. Ila afisa anayesoma barua zetu amekata nusu ukurasa kwa mkasi, sijui kwa nini. Dada, uliandika nini pale? Kama ulimtukana mkuu wa gereza, asante.

Hapa baridi ni ile ile. Tunashona sare za walinzi kuanzia saa mbili asubuhi. Mimi nimepewa kola, kola mia na kumi kwa siku. Dereva wa lori amekuwa fundi wa kola. Simu ya wafungwa imekufa tangu Desemba na hakuna anayesema itatengenezwa lini, kwa hiyo msikae mkingoja niwapigie. Ombi langu la kuachiliwa mapema litasikilizwa Juni. Nimemaliza miaka minne kati ya sita, na mama alishatia saini ile karatasi kwamba atanipokea nyumbani. Kwa hiyo tuhesabu Juni.

Sasa kuna habari nimeisoma maktaba. Tarehe 15 Februari, siku ya Ijumaa, jiwe la angani, wanaliita asteroidi, litapita karibu sana na dunia. Karibu kiasi kwamba litapita chini ya setilaiti zinazotuletea televisheni. Ukubwa wake ni kama jengo letu zima, ghorofa tano na vibaraza vyake. Msiogope, halitatugusa, wamelipigia hesabu mwaka mzima. Litapita kwenu saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi mkiwa mmelala, na bila darubini mtu haoni kitu. Lakini mama, Ijumaa hiyo, wakati wowote ukikumbuka, simama kidogo kwenye dirisha la jikoni uangalie juu. Na mimi nitaangalia juu. Miaka minne sasa hatujaangalia kitu kimoja.

Mwanao,
Fanis


Korkino
6 Februari 2013

Mwanangu Fanis, marahaba.

Mgongo unaniuma, mengine ni mazuri. Dada yako bado yuko kiwanda cha mikate. Anatoka nyumbani kabla sijaamka na anakula kama ndege. Ukimwambia anasema ameshakula kazini. Siku nzima anashika mikate, na mwenyewe amebaki mifupa.

Juzi dukani nilikutana na mjane wa yule mzee uliyemgonga na lori. Safari hii aliitikia salamu yangu. Nakuambia ili ujue, si ili ufurahi.

Habari ya jiwe lako nimemsimulia Zoya wa mlango wa pili. Ameniuliza, "Aliyelipima alitumia futi ya fundi cherehani?" Nikamwambia mwanangu anasoma huko. Akasema, "Alisoma ramani za barabara pia, na tazama alipofika." Tukacheka sana. Usikasirike, huyo Zoya ndiye anayenipandishia viazi ngazi zote tatu.

Nitasimama dirishani kama ulivyosema. Lakini kama jiwe lenyewe halionekani, nitaangalia nini? Basi nitaangalia moshi wa mgodi, huo haukosekani.

Vaa soksi mbili mbili.

Mama yako,
Saniya


Korkino
19 Februari 2013

Fanis,

Najua mmeona kwenye televisheni, kwa hiyo naanza na la muhimu: tuko hai sote wawili, na Bibi Zoya pia.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa kiwandani, kwenye mlango wa kupakia magari. Mwanga ulikuja kama mtu amewasha jua la pili. Vivuli vyetu ukutani vikatembea, sisi tumesimama. Nilihisi joto shavuni, na nje ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Halafu kimya. Wote tulitoka uani na aproni zetu kutazama moshi mweupe uliobaki juu. Kama dakika mbili hivi hakuna lililotokea. Dereva mmoja akasema, "Basi, yamekwisha, turudi kazini." Hapo ndipo kishindo kilipokuja, na vioo vyote vya ghorofa ya juu vikashuka.

Mama alikuwa amelala, mgongo ulikuwa unamsumbua. Dirisha la jikoni limeingia ndani lote, lakini yeye alikuwa chumbani. Amejikata mkono wa kulia alipokuwa anaokota vipande. Wameushona, kwa hiyo hataweza kuandika kwa muda. Anakusalimu.

Dirisha tumeliziba kwa mbao na mablanketi. Mji mzima hauna vioo. Watu wanapanga foleni kama zamani.

Rezeda


Gerezani, Komi
3 Machi 2013

Dada,

Karibu wiki mbili nilikuwa sijui kama nina familia. Tuliona picha kwenye televisheni ya bwalo, nikasikia jina la mji wetu, halafu wakazima kwa sababu muda wa chakula ulikuwa umekwisha. Barua yako ilipofika nilikaa chini.

Nataka mjue kwamba lililoanguka kwenu si lile nililowaandikia. Lile langu lilipita usiku wa kuamkia Jumamosi kama walivyosema, wala halikumgusa mtu. Hili jingine lilitokea upande wa jua na hakuna aliyeliona likija. Hayana uhusiano, siku tu ndiyo moja. Tolik wa kitanda cha juu ananiita Profesa. Anasema nilitangaza jiwe moja nikaletewa mawili, na ananiomba nitangaze msamaha wa wafungwa.

Wamesema waliojeruhiwa ni zaidi ya elfu moja na hakuna aliyekufa. Nashukuru Mungu. Lakini mama hakuona kitu kabisa? Hata mwanga kwenye pazia? Hakusimama dirishani siku ile, hata mara moja? Nauliza kwa sababu lile neno nililiandika kwa mchezo, na sasa linanisumbua.

Mkono wa kulia umeshonwa, sawa, wa kushoto upo. Aandike hata jina lake tu, ovyo kama mtoto. Nitafurahi.

Fanis


Korkino
20 Machi 2013

Fanis,

Umeuliza jambo moja mara tatu katika barua moja. Nimeshakuambia alikuwa amelala. Mama hakuona kitu.

Mkono unapona polepole. Ana miaka sabini na mmoja, si msichana. Usimlazimishe kuandika.

Kioo cha jikoni wameshaweka. Mimi nimebadilishiwa zamu, naingia mchana. Andika habari zako, achana na habari za mawe.

Rezeda


Gerezani, Komi
7 Aprili 2013

Dada Rezeda,

Asante kwa barua. Sitauliza tena.

Nimekuwa nawaza kwamba miaka yote hii sijakuuliza hali yako. Nilichukulia kwamba barua ni za mama na kazi yako wewe ni kubandika stempu. Je, unalala? Unakula? Yule Marat bado anapita, au naye alikimbia alipojua ndugu yako yuko wapi? Kama alikimbia kwa ajili yangu, niambie tu, nina nafasi ya kubeba na hilo.

Hapa theluji imeanza kuwa tope. Wamenipandisha, sasa nashona na mikono ya mashati.

Mwambie mama asijisumbue kabisa kuandika. Ukipata nafasi msomee hii, polepole, na umshike mkono.

Ndugu yako,
Fanis


Korkino
23 Aprili 2013

Fanis,

Mama amefariki jana asubuhi. Leo adhuhuri tumemzika. Mulla alisoma, Bibi Zoya alisimama nyuma na skafu nyeusi akipiga ishara ya msalaba. Hakuna aliyemkataza.

Nilikudanganya. Hakujikata mkono. Vioo vilimwingia machoni, yote mawili. Alilazwa mjini zaidi ya mwezi mmoja, wakamtoa la kushoto, na la kulia lilibaki lakini halikuona. Alipoanza kukaa kitandani vizuri wakanipa nimlete nyumbani. Akajifunza kuhesabu hatua, kumi na moja mpaka jikoni, saba mpaka chooni. Siku ya kwanza alijipikia chai peke yake na kunicheka kwa kuwa nilikuwa nalia. Halafu ikawa kama amechoka kuhesabu. Hakutaka chakula. Alilala ameelekea ukutani. Wiki iliyopita kifua kikabana.

Kwenye karatasi wameandika moyo. Hawakukosea, moyo ndio uliosimama. Kwa hiyo televisheni bado inasema kweli: hakuna aliyekufa kwa lile jiwe.

Kuna jambo jingine kuhusu asubuhi ile. Mimi ndi

(Barua hii haikutumwa.)


Korkino
26 Aprili 2013

Fanis,

Tuko salama. Mama anakusalimu, anasema usiache kuvaa soksi mbili hata kama jua limetoka. Miti ya uani imeanza kutoa vichipukizi.

Marat alishaoa, mwaka juzi. Usijibebeshe, alikuwa na sababu zake.

Kwa nini umeandika nimsomee? Mama anasoma mwenyewe kama kawaida.

Rezeda


Gerezani, Komi
16 Mei 2013

Dada,

Ni mazoea tu ya kuandika, usinishike kwa neno. Najua anasoma mwenyewe.

Kikao changu kimepangwa tarehe 11 Juni. Msimamizi anasema faili langu ni safi. Nimeanza kuota ngazi zetu, ile ya tatu iliyovunjika kona. Mwambie mama nitafika akiwa hajapanda nyanya kibarazani, nitampandia mimi.

Fanis


Gerezani, Komi
13 Juni 2013

Dada,

Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wako, mpole, amefungua faili langu na kikombe cha chai pembeni. Aliuliza, "Ukitoka utaishi wapi?"

Nikasema, "Kwa mama yangu, Korkino. Alitia saini."

"Jina la mama?"

"Saniya Gabdullovna."

Akafunua karatasi moja, akaifunua tena. "Hapa nina taarifa ya manispaa ya kwenu. Huyu amefariki tarehe ishirini na mbili Aprili. Hukuambiwa?"

Nikasema, "Nimeambiwa." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani sikutaka mtu yeyote pale ndani akufikirie vibaya.

Akauliza, "Kama uliambiwa, kwa nini unasema utaishi kwake?"

Msimamizi wangu aliangalia viatu vyake. Wakaandika kwamba sina makazi yaliyothibitishwa na kwamba nimedanganya mbele ya kikao. Naweza kuomba tena Desemba. Nilirudi kiwandani nikakaa kwenye mashine. Tolik alinishonea kola zangu zote za siku hiyo.

Sikulaumu, dada, na nitakueleza kwa nini. Mimi pia nilikuficha jambo. Mwishoni mwa Machi nilipata barua ya mama. Aliisema akiwa hospitalini, Bibi Zoya akaandika. Ninayo kichwani bila kuifungua:

"Mwanangu, mkono ni wa Zoya, maneno ni yangu. Macho yangu yamekwenda yote mawili. Usilie, hapo kuna watu. Nililiona jiwe lako. Niliona moshi mweupe, mistari miwili, na jua linatokea pembeni. Ulikuwa mzuri. Ndicho kitu changu cha mwisho kukiona na sijakichoka. Sasa nakuomba jambo moja. Usimuulize Rezeda habari za asubuhi ile. Usimuulize kabisa, hata ukirudi nyumbani. Na usimwambie kwamba nimekuandikia."

Nilielewa. Mama alisimama pale kwa sababu mimi niliandika asimame. Alijua nikikubana kwa maswali, siku moja utashindwa kuvumilia na kuniambia usoni kwamba nimemuua mtu wa pili. Alitaka kunikinga. Na wewe ukanikinga kwa kusema alikuwa amelala. Wanawake wawili mlinificha kosa langu, na mimi nikajifanya sijui ili msione kwamba limenifikia.

Sasa halina haja ya kufichwa. Ni mimi niliyemweka dirishani. Ulitaka kuniambia nini miezi yote hii? Niambie, nitasoma.

Fanis


Korkino
24 Juni 2013

Fanis,

Umeisoma vibaya barua ya mama. Hakuwa akikukinga wewe.

Asubuhi ile alikuwa amelala kweli. Hapo sikudanganya. Mgongo ulikuwa mbaya tangu Jumatano, chumba kina pazia zito, asingeona chochote. Ile barua yako alikuwa ameshaisahau, au alikuwa anangoja jioni, sijui. Hakuitaja.

Mimi nilitoka uani na wenzangu. Wote walikuwa wanapiga picha na kupiga simu. Nikampigia mama. Ililia, hakupokea. Nilikata nikapiga tena, mpaka akaamka. Nikamwambia, "Mama, nenda jikoni haraka, angalia nje, jiwe la Fanis limekuja."

Akasema, "Ngoja kwanza, miwani yangu iko wapi?"

Nikamwambia, "Achana na miwani, litapotea. Nenda."

Akaenda. Nilimsikia akikokota miguu na kulalamikia mgongo. Halafu akasema, "Rezeda, ni mistari miwili. Kama reli." Alikuwa na sauti ya msichana. Akaanza kunieleza jinsi inavyogeuka rangi, na mimi nilikuwa natazama moshi ule ule lakini nilimwacha aeleze. Nilikuwa nacheka. Kishindo nilikisikia mara mbili. Cha kwanza kilikuwa ndani ya simu.

Hospitalini daktari aliniuliza kama alikuwa amevaa miwani. Ni swali la kawaida, wanauliza kila mtu. Nilisema sijui.

Siku ya tatu, ameshafungwa macho, alinishika kiganja akasema, "Tutasema nilikwenda dirishani mwenyewe." Mara moja tu. Hakulirudia tena mpaka alipokufa. Kumbe alikuwa ameshakuandikia na wewe. Nimekwenda kwa Bibi Zoya nikamuuliza. Akasema, "Alinilisha kiapo, mwanangu. Ungetaka nifanye nini?"

Na jambo la mwisho. Usifikiri nilificha kifo chake ili kikao chako kiende vizuri. Nimejaribu kujiambia hivyo na si kweli. Nilificha kwa sababu ulikuwa mtu pekee aliyebaki kumwandikia. Hapa kila mtu alikuwa anasema marehemu, marehemu. Barua yako ikija imeandikwa mwambie mama hivi, mwambie mama vile, nilikuwa nakaa jikoni nasoma kwa sauti. Kila barua ilinipa wiki mbili. Nimekugharimu miezi sita ya jela kwa ajili ya hizo wiki mbili mbili.

Sasa unajua yote. Ukitaka kuacha kuniandikia nitaelewa. Karatasi ya makazi kwa ajili ya Desemba nitaitia saini mimi, hata kama hutaniandikia.

Rezeda


Gerezani, Komi
6 Julai 2013

Dada,

Barua yako ilifika Jumatano. Nimekaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza nilikuchukia. Nakuambia kwa sababu na wewe umeniambia kweli. Ya pili nilikuwa naiona miwani yake, ile yenye uzi, popote nilipoangalia. Leo nimeamka nikiwa nimechoka tu.

Sitakuambia kwamba hukujua. Unajua kwamba hukujua, na haisaidii. Mimi nilikuwa nimekunywa siku ile ya lori, kwa hiyo langu ni baya zaidi ya lako. Lakini kuna kitu kimoja naweza kukuambia vizuri kuliko mulla au Bibi Zoya. Yule mzee, alipogonga bodi ya lori, ilikuwa sauti ndogo tu, kama mtu ameweka mfuko sakafuni. Mwaka wa tano huu bado naisikia. Haipungui. Kinachotokea ni kwamba unaanza kufanya mambo mengine huku unaisikia. Unashona. Unakula. Siku moja unakuta umecheka. Usingoje iishe ndipo uanze kula, dada, maana haitaisha.

Karatasi itie saini. Nitaacha kukuandikia vipi, nani mwingine ninaye?

Niandikie kaburi liko upande gani, nani yuko jirani yake, na kama udongo umeshatulia. Arobaini ya mama kwenu ilipita mwanzoni mwa Juni, nami siku hiyo nilikuwa hapa nawaza nyanya za kibarazani. Kwangu mama alikufa tarehe 11, mbele ya hakimu. Nimehesabu kuanzia hapo. Arobaini yangu itaangukia Jumapili, tarehe 21 mwezi huu. Watu wa hapa hawana cha kufanya kuhusu hilo, kwa hiyo nifanyie wewe. Pika chochote. Mwite mulla kama atakuja, mwite Bibi Zoya, na kama utaweza, mwite na yule mjane. Akikataa, basi.

Usikae peke yako siku hiyo.

Ndugu yako,
Fanis